Simba wa sinema ni mtu wa namna gani?

Jumamosi iliyopita vijana wa shule walitualika tuzungumze nao katika chumba cha mikutano cha parokia. Tulidhani watatuuliza juu ya mitihani, au juu ya namna ya kupata kazi, kama wafanyavyo kila mwaka. Kumbe sivyo. Kabla hatujafika mlangoni tulisikia kelele kubwa, hata tukaogopa kwamba wanagombana. Tulipoingia tulikuta ubao umejaa majina, na kijana mmoja mwenye chaki mkononi akiwasihi wenzake wasiseme wote pamoja.

Walikuwa wakibishana juu ya nini? Juu ya Simba. Wala si simba wa porini, bali Simba wa sinema ya michoro, yule mwana wa mfalme ambaye wengi wenu mmemwona katika filamu iitwayo kwa Kifaransa Le Roi lion. Filamu hiyo ilitolewa huko Marekani katika mwaka wa 1994 na kampuni ya Walt Disney, ikatengenezwa upya katika mwaka wa 2019, na hata leo watoto wetu huitazama katika simu za wazazi wao. Swali lililoandikwa ubaoni lilikuwa hili: Simba ni mtu wa namna gani?

Labda mtacheka. Nasi tulicheka. Lakini tulipokaa kitako na kusikiliza, tuliona kwamba jambo hili lina kina kuliko tulivyodhani, na kabla ya jua kuchwa tulikuwa tumepata fundisho ambalo hatukulitazamia. Ndilo tunalotaka kuwaeleza juma hili.

PANDE TATU ZA MABISHANO

Kundi la kwanza lilisema: Simba ni mtu wa furaha. Tazameni jinsi alivyokaa porini pamoja na Timon na Pumbaa, hata manyoya ya shingo yake yakaota, akila wadudu na kuimba, bila kuijali kesho. Mtu wa namna hiyo hakuumbwa kwa kubeba mzigo. Ameumbwa kwa kucheza.

Kundi la pili lilikataa. Hao walisema: Simba ni mtawala kwa asili. Alipokuwa mtoto alimvuta Nala waende mahali pa mifupa ya tembo, ingawa baba yake alikuwa amemkataza. Na mwishoni alirudi kwao akapigana na Scar, baba yake mdogo, aliyekuwa amenyang'anya ufalme. Mtu wa furaha tu hawezi kufanya hayo.

Kundi la tatu lilikuwa dogo, lakini lilisema kwa ukali. Simba ni mwoga, walisema. Nyumbu walipomkanyaga baba yake, na Scar alipomwambia kwamba kosa ni lake, yeye alikimbia. Hakwenda kwa mama yake, hakusema na mtu yeyote. Alikaa miaka akijificha. Huyo ni mwoga, na kama Nala asingemkuta angalikuwa porini hata leo.

Hapo msichana mmoja akasimama na karatasi. Alikuwa amenakili kutoka simu ya kaka yake orodha ya aina 16 za tabia, na kila aina ina alama ya herufi nne. Alikuwa amempangia kila mnyama herufi zake: Simba hizi, Nala zile, Scar nyingine. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo kwamba naye amejibu maswali yale ya simu, na amejua herufi zake mwenyewe.

Karibu na mlango aliketi kijana ambaye wenzake humwita Timon kwa sababu ya mizaha yake. Kila upande ulipomaliza kusema, yeye alitia neno la kuchekesha, na chumba kizima kiliangua kicheko. Nasi tukajisemea moyoni: Huyu amekwisha kujulikana, ni mtu wa mizaha. Mlishike neno hilo, wasomaji, maana tutalirudia.

HABARI HII NI YA KALE

Msidhani kwamba mabishano ya namna hii yalizaliwa pamoja na simu. Watu wa kila nchi wamependa kuwagawa wenzao kwa aina. Huko Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kitabu kidogo chenye namna 30 za watu: msifu-sifu, bahili, mwenye maneno mengi, mwoga, mwenye majivuno na wengineo. Nao waganga waliofuata mafundisho ya Hippocrates na Galen walisema kwamba mwili una maji ya namna nne, ndiyo damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na balghamu. Walifundisha kwamba mtu mwenye damu nyingi huchangamka, mwenye nyongo ya manjano hukasirika upesi, mwenye nyongo nyeusi huhuzunika, na mwenye balghamu hutulia na kwenda polepole.

Elimu ya tiba iliyaacha mafundisho hayo zamani. Hakuna daktari wa leo ambaye atapima nyongo yako apate kujua kama wewe ni mtu wa hasira. Lakini majina yamebaki. Tusomapo Kifaransa twakuta bado maneno colérique, mélancolique na flegmatique, na wengi huyatumia bila kujua kwamba yametoka katika chupa za waganga wa kale.

Na sisi je? Nani kati yetu hakukaa miguuni pa bibi yake jioni na kusikiliza habari za Sungura mwerevu, na Fisi mlafi, na Tembo mwenye nguvu asiyefikiri, na Kobe mvumilivu? Wanyama hao ni aina za watu. Mtoto alisikia jina la Fisi tu, akajua kwamba chakula kitaibwa. Lakini bibi hodari hakumaliza hadithi bila kuuliza: Je, Sungura alitenda vema? Ndipo watoto walipoanza kubishana. Mmoja alisema Sungura ana akili, mwingine alisema Sungura ni mwongo. Basi vijana wetu wa Jumamosi hawakuvumbua jambo jipya. Walikuwa wakifanya kazi ile ile ya jikoni kwa bibi, ila moto umekuwa ubao na chaki.

HERUFI NNE ZATOKA WAPI?

Katika mwaka wa 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu kikubwa juu ya aina za watu. Alisema kwamba kuna watu ambao nguvu ya moyo wao huelekea nje, kwa wenzao na kwa mambo ya dunia, na kuna wengine ambao nguvu hiyo huelekea ndani. Lakini hakukubali kwamba yuko mtu aliye wa upande mmoja kabisa.

Huko Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, alikisoma kitabu hicho kwa bidii, akamfundisha binti yake Isabel. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Isabel Briggs Myers alianza kutunga maswali, ili watu wapate kujua kazi inayowafaa. Walipanga jozi nne za tabia. Katika kila jozi mtu hupewa upande mmoja tu. Ndiyo sababu aina zote zimekuwa 16. Mama na binti hawakuwa wamesomea elimu ya nafsi katika chuo kikuu. Isabel kwanza alijulikana kwa jambo jingine: alikuwa mtungaji wa hadithi, na riwaya yake ya upelelezi ilitolewa katika mwaka wa 1930. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau. Kusudi letu ni kuonyesha tu kwamba aliyepanga aina hizo alikuwa pia mtu wa kutunga watu wa hadithi. Labda ndiyo maana aina zake zawafaa vizuri sana watu wa hadithi.

Wataalamu wa leo wameyachunguza maswali hayo, nao wana mashaka mawili makubwa. La kwanza, watu wengi wakijibu tena baada ya majuma machache hupata herufi nyingine. La pili, watu wengi hawakai upande huu wala upande ule, bali katikati. Fikirini urefu wa wanafunzi. Mwalimu akichora mstari ukutani, akasema kwamba aliye juu ya mstari ni mrefu na aliye chini yake ni mfupi, itakuwaje kwa watoto wawili ambao mmoja amepita mstari kwa upana wa kidole na mwingine amepungua kwa upana wa kidole? Mmoja ataitwa mrefu, mwingine ataitwa mfupi, nao wamelingana karibu sawasawa! Ndiyo sababu wataalamu wengi siku hizi hupima tabia kwa njia tano, na katika kila njia hutazama kiasi, yaani nyingi au kidogo, bila kumtia mtu katika sanduku.

KWA NINI WATU WA MICHORO HUTAMBULIKANA UPESI

Kijana mmoja alituuliza: Mzee, kama ni hivyo, mbona kwa wanyama wa sinema jambo hili lafaa vizuri? Mbona sote twajua mara moja nani ni mchungu na nani ni mpole?

Swali jema. Jibu ni kwamba watu wa michoro hutengenezwa hivyo kwa makusudi. Katika sinema picha 24 hupita mbele ya macho kila sekunde moja. Zamani kila mchoro ulichorwa kwa mkono, na hata kama mchoro mmoja ulionyeshwa mara mbili, kazi ilikuwa kubwa mno. Wachoraji wengi walishirikiana kumchora mtu mmoja, basi iliwapasa wote wamjue: hutembeaje, hukasirikaje, huinuaje nyusi. Mtazamaji naye yampasa amtambue hata akimwona kwa mbali kama kivuli.

Chukueni mfano wa Blanche-Neige, filamu ya kwanza ndefu ya michoro ya Walt Disney, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika mwaka wa 1937. Katika hadithi ya ndugu Grimm, iliyochapishwa katika mwaka wa 1812, wale vibete saba hawana majina. Wote ni kama mtu mmoja. Lakini katika sinema watu saba wenye kimo kimoja na ndevu zinazofanana wangewachanganya watazamaji. Basi kila mmoja alipewa tabia moja, na tabia ikawa jina lake. Kwa Kifaransa twawaita Prof, Joyeux, Dormeur, Timide, Atchoum, Simplet na Grincheux. Ukisikia jina umekwisha kumjua mtu.

Umekwisha kumjua? Ngojeni kidogo. Huyo Grincheux, mnung'unikaji, hamtaki Blanche-Neige nyumbani tangu siku ya kwanza. Lakini msichana anapokuwa katika hatari, ni nani anayewaongoza wenzake kumwokoa? Ni Grincheux. Na anapolazwa kama maiti, ni nani anayegeuza uso kwa sababu machozi yamemshinda? Ni Grincheux yule yule. Watengenezaji walimpa jina, kisha wakalipasua jina hilo mbele ya macho yetu, na kwa hiyo twampenda kuliko wote. Kama angalinung'unika tangu mwanzo hata mwisho, tungalimsahau.

JINA LA PUMBAA

Sisi tusemao Kiswahili tuna jambo moja zaidi katika filamu ya Simba. Mtoto wa Paris au wa Chicago husikia majina yale kama sauti nzuri tu. Mtoto wetu huyaelewa. Simba ni simba. Rafiki ni rafiki. Fisi jike aitwa Shenzi, na kila mmoja wetu ajua kwamba hilo ni tusi. Na ngiri yule mnene aitwa Pumbaa. Yaani kabla hajafungua kinywa, mtoto wetu amekwisha kumhukumu: Huyu amepumbaa, hana akili.

Lakini kumbukeni ule usiku walipolala chali watatu, wakitazama nyota. Waliulizana nyota ni nini. Timon, mwerevu wa kundi, alijibu kwa uhakika kwamba ni vimulimuli walionaswa juu mbinguni. Simba alikumbuka maneno ya baba yake juu ya wafalme wa kale. Na Pumbaa? Pumbaa alisema kwamba yeye alidhani ni mipira ya gesi inayowaka mbali sana. Timon alimfanyia mzaha. Nanyi wanafunzi mnaosoma sayansi mwajua: ni nani aliyesema kweli? Mwenye jina la mjinga ndiye aliyejua.

Tulipowakumbusha hayo, chumba kilinyamaza kidogo. Ndipo msichana mwenye karatasi akaitazama orodha yake, akafuta jambo kwa kalamu.

ALIYEKETI KARIBU NA MLANGO

Basi mwenye chaki akataka kura ipigwe. Lakini kwanza akamwambia yule kijana wa mizaha: Timon, wewe umecheka tangu mwanzo, hujasema uko upande gani. Sema leo bila mzaha.

Kijana akasimama. Tulingojea kicheko. Alisema hivi, nasi twayaandika kadiri tunavyoyakumbuka:

— Mimi siko upande wowote. Mnasema Simba ni mtu wa furaha, mnasema ni mwoga. Simba amefiwa. Baba yake amekufa mbele ya macho yake, na mtu mzima amemwambia kosa ni lako. Akapata rafiki waliomfundisha kucheka, naye akacheka, maana angefanya nini? Ninyi mnamwona anaimba, mnasema ameumbwa hivyo. Ni nani amemwuliza?

Akaketi. Hakuna aliyesema neno. Mwalimu wao, aliyekuwa ameketi karibu nasi, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kijana huyu alifiwa na baba yake mwaka jana, kabla ya mvua kuanza. Kwamba yeye ndiye mkubwa wa watoto watano. Na kwamba jioni, wenzake wakijifunza masomo, yeye husaidia mama yake sokoni. Tangu siku zile ndipo mizaha yake ilipozidi.

Wasomaji wapenzi, tuliona haya. Sisi ambao nywele zetu zina mvi, tuliokuja kuwafundisha vijana, tulikuwa tumemtia mtoto huyu katika sanduku kwa muda wa saa moja tu, tukalifunga sanduku. Baada ya mkutano tulimwendea kumwomba radhi. Alijibu: Si kitu, Mzee. Kisha akatia mzaha juu ya viatu vyetu vyenye matope, nasi kwa mara ya kwanza siku ile hatukujua kama ilifaa tucheke. Mwishoni tulicheka, maana tuliona kwamba mzaha wake ni mlango, na yeye mwenyewe ameuacha wazi kidogo. Tukamwuliza habari za mama yake, akatueleza kwa muda mrefu.

HUZUNI ILIYOTIWA KATIKA DUARA

Kuna filamu nyingine ya michoro inayoeleza jambo hili vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Ni Vice-Versa, ya kampuni ya Pixar, iliyotolewa katika mwaka wa 2015. Humo twaingia ndani ya kichwa cha msichana wa miaka 11, jina lake Riley, ambaye wazazi wake wamehama kutoka jimbo la Minnesota kwenda mji wa San Francisco. Ndani ya kichwa chake mna watu watano wanaoongoza: Furaha, Huzuni, Hofu, Chuki ya vitu vichafu, na Hasira. Furaha ataka kutawala peke yake. Achora duara sakafuni, amwambia Huzuni asimame ndani yake na asiguse kitu chochote. Mama naye, bila nia mbaya, amwomba mtoto aendelee kuwa na uso wa furaha, kwa kuwa baba ana shughuli nyingi.

Nini kinatokea? Msichana anakauka moyo. Haoni furaha wala huzuni, hata anapanda basi ili awatoroke wazazi wake. Na anayemrudisha si Furaha. Ni Huzuni anapoachwa aguse. Ndipo mtoto anarudi nyumbani, analia, anasema kwamba amepakumbuka kwao kwa zamani, na wazazi wake wanamkumbatia. Katika filamu ya pili, ya mwaka wa 2024, msichana amefika miaka 13, na mwishoni twaona kwamba nafsi yake haielezwi kwa sentensi moja. Yeye ni mwema na ni mchoyo. Ni shujaa na ni mwoga. Yote ni yake.

Tazameni: hata wale wanaopata mkate wao kwa kutengeneza watu wa tabia moja moja, wamefika hapo. Walimpa Huzuni umbo lake na rangi yake ya bluu na sauti yake ya polepole, kisha wakatuonyesha kwamba mtu mzima anawahitaji wote.

TUBISHANE KWA NAMNA GANI?

Hatusemi vijana waache mabishano haya. Sivyo! Kubishana juu ya Simba ni shule nzuri ya kupima watu, maana Simba haumizwi na maneno yetu. Lakini kuna njia njema na njia mbaya. Tuliandika ubaoni mambo manne, nasi twayarudia hapa.

1. Tazameni matendo kabla ya maneno. Scar huongea na mtoto kwa ulimi laini. Anayesikiliza maneno yake tu atasema ni baba mdogo mwenye upendo.

2. Ulizeni kwanza: Limempata nini? Kisha ndipo mwulize: Ni mtu wa namna gani? Kuna tabia tuliyozaliwa nayo, na kuna kidonda. Mara nyingi kidonda hujivika nguo za tabia.

3. Tafuteni tendo moja lisilolingana na jina lake. Machozi ya Grincheux, nyota za Pumbaa. Mkilipata tendo hilo, mmeanza kumjua. Msipolipata, labda hamjatazama kwa muda wa kutosha.

4. Msimpe mtu hai jina asiloweza kulivua. Mtu wa michoro hubaki kama alivyochorwa. Mwenzako wa darasani atakua.

NENO KWA WAZAZI NA KWA YULE MSICHANA

Wazazi wapenzi, nanyi msidhani kwamba mambo haya ni ya watoto tu. Mara ngapi tumesema mbele ya wageni: Huyu wangu wa kwanza ana akili, lakini huyu wa pili ni mvivu? Mtoto yupo, anasikia. Anaposikia leo na kesho na keshokutwa, huchoka kukana. Akiitwa mvivu akiwa amelala, na akiitwa mvivu akiwa ameteka maji, ya nini ateke maji?

Katika nchi yetu twawapa watoto majina kwa habari za siku waliyozaliwa: Mateso, Shida, Bahati, Furaha, Riziki. Lakini nani asiyemjua Mateso mmoja anayechekesha mtaa mzima, au Furaha mmoja aliyekwisha kulia machozi mengi? Jina hueleza siku moja. Halielezi safari yote.

Na yule msichana mwenye karatasi? Alitufuata nje, akatueleza jambo lake. Anamaliza mwaka wa 8, na yampasa achague sehemu atakayosomea katika sekondari. Tangu utoto alitaka kuwa mwalimu. Lakini simu imemwambia kwamba yeye ni mtu wa ndani, asiyependa makutano. Basi amefikiri kuacha. Tulimwuliza: Ni nani aliyekufundisha kusoma? Akamtaja mwalimu wake wa mwaka wa kwanza. Tukamwuliza: Alikuwa mtu wa kelele? Akafikiri, akatabasamu. Hapana, alisema, alikuwa mpole, ilitupasa tunyamaze ili tumsikie.

Hatukumwambia achague nini. Hilo ni lake na la wazazi wake. Tulimwambia tu kwamba kusimama mbele ya watu ni kazi inayofundishika, kama kupanda baiskeli. Na kwamba mtu mtulivu aliyejifunza kusema mara nyingi hujua pia kusikiliza. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Hakuitupa. Si kitu. Karatasi yaweza kukaa mfukoni. Vibaya ni ikikaa kichwani mahali pa mwenye kichwa.

Na kura je? Haikupigwa. Mwenye chaki aliuliza kama kuna anayetaka, akaona mikono haiinuki. Akafuta ubao wote, akaacha jina la Simba na alama ya kuuliza.

Vijana wametuomba turudi mwezi ujao. Safari hii watabishana juu ya yule nyani mzee, Rafiki, aliyempiga Simba kichwani kwa fimbo ili amfundishe kwamba yaliyopita huuma, lakini mtu aweza kujifunza kwayo na kukwepa fimbo ya pili. Je, ni mwenye hekima, au ana wazimu kidogo? Semezaneni nyumbani, baba na mama na watoto, baada ya chakula cha jioni. Na wakati mnapobishana, mtazameni pia yule asiyesema neno, na yule anayecheka kupita wote. Huenda ndiye anayengoja kuulizwa.

Tutaonana juma lijalo.